Resipe Haina Hataza? Bado Una cha Kukodisha

Dhana: "Sina hataza, kwa hiyo kampuni haina sababu ya kunilipa."

Hii nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Mtu ana sosi ambayo kampuni imeshaionja na kuitaka, naye anakuja ofisini kwangu kutafuta hataza kwanza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake, hata ikimmalizia akiba. Resipe nyingi hazipati hataza: ukichanganya viungo vinavyojulikana ukapata ladha ambayo mpishi mzoefu angeitarajia, huo si uvumbuzi. Na hata ukibahatika, ombi lako kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, na ulinzi hukoma baada ya miaka 20. Yaani umeanika vipimo vyako mwenyewe, tena kwa kulipia.

Unachokodisha, yaani unachoiruhusu kampuni itumie kwa malipo, ni siri ya biashara. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unailinda kwa masharti matatu: isiwe inajulikana kwa walio katika kazi hiyo, iwe na thamani kwa kuwa ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuitunza. La tatu ndilo linaloangusha wengi. Vipimo viko kwenye simu za mashemeji na wafanyakazi walioacha kazi bila kusaini chochote, halafu unataka nitetee siri ipi?

Anayebisha kuhusu malipo aitazame Listerine, dawa ya kusukutua kinywa. Si chakula, najua, lakini hoja ni ileile. Mwaka 1881 mfanyabiashara Lambert alipewa na aliyeibuni fomula ya siri kwa makubaliano ya kulipa kadiri anavyouza. Baadaye fomula ilijulikana hadharani, na kampuni iliyotokana na Lambert ikaenda mahakamani Marekani ikitaka kuacha kulipa. Mwaka 1959 ilishindwa, kwa sababu makubaliano hayakusema malipo yatakoma siri ikitoka. Mawakili wa kampuni kubwa wanaijua kesi hiyo, ndiyo maana rasimu zao huweza kuwa na kifungu cha kusitisha mrabaha (malipo hayo ya kadiri ya mauzo) siri ikivuja. Ukikikuta, dai kisitumike pale uvujaji unapotokea kwao.

Dhana: "Hakimiliki inanitosha."

Inalinda maneno na picha ulizotumia kuieleza resipe. Chakula chenyewe mtu anaweza kukipika na kukiuza.

Dhana: "Niwatumie resipe, wakiipenda ndipo tuzungumze pesa."

Hapana! Kampuni nyingi hukupa fomu yao inayosema ulichotuma hakihesabiwi kuwa siri. Isome kabla ya kubofya. Msimamo wangu haujabadilika: peleka chakula, si karatasi. Sampuli, matokeo ya maabara kuhusu muda wa kukaa rafuni, na makadirio ya gharama ya kuzalisha vinawatosha kuamua. Sampuli nayo iambatane na makubaliano mafupi yanayokataza kuichambua, kwa maana kuchambua bidhaa iliyopatikana kihalali, bila zuio la mkataba, kwa kawaida si wizi. Gramu zitoke baada ya sahihi.

Dhana: "Asilimia ikiwa kubwa, dili ni nzuri."

Asilimia ya nini? Kama ni ya mauzo halisi, uliza punguzo, usafiri na matangazo vinakatwa wapi. Halafu kuna haki ya pekee, yaani kampuni hiyo tu kuitumia resipe: ukiitoa bila kudai kiwango cha chini cha mrabaha kila mwaka, kampuni inaweza kuifungia resipe kabatini ili mshindani asiipate, nawe huruhusiwi kumpa mwingine. Andika kwamba wasipofikisha kiwango hicho haki ya pekee inaondoka, na kwamba mhasibu wako anaruhusiwa kukagua vitabu vyao.