Uwanja wa gwaride si makaburi
Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu unadai ni mwiko kukatiza uwanja wa gwaride kwa sababu chini yake wamezikwa askari waliokufa vitani. Sivyo. Kwa kawaida hao walizikwa karibu na walikoangukia. Uwanja ulikuwa wa kuhesabu askari, kukagua silaha na hasa mazoezi: gobori hazikulenga vizuri, hivyo mistari iliyobanana ilipaswa kufyatua kwa pamoja.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta ramani ya zamani ya kambi. Fort Scott, Kansas, Marekani, iliyoanzishwa 1842, ina uwanja katikati ya mabweni na nyumba za maofisa. Makaburi yako mbali, kando ya mji. Kinachochanganya watu ni ile heshima: katazo la kukatiza ni la nidhamu, na kumbukumbu za mashujaa mara nyingi hufanyika papo hapo. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.