Filamu Moja, Sura Moja: Kwa Nini Faili za Matangazo Zinarudishwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la uhakiki wa matangazo ya filamu yameongezeka, na yanatoka pande mbili. Watazamaji wanasema waliona bango, wakatazama trela, wakaingia ukumbini, na vitu hivyo vitatu havikufanana. Watayarishaji nao wanasema ofisi inawachelewesha. Tunaamini kila upande unasema kwa nia njema. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ucheleweshaji huanzia ndani ya faili la maombi lenyewe kabla halijatufikia.

Kwanza tuondoe dhana iliyokwisha kutuchosha: kwamba filamu kuwa na sura moja ni kuchukua picha ya bango na kuibandika kila mahali. Bango la sinema linalotumika Marekani husimama, inchi 27 kwa 40. La Uingereza hulala, inchi 40 kwa 30. Tangazo la kujaza skrini ya simu husimama kwa pikseli 1080 kwa 1920, na kijipicha cha video, yaani picha ndogo inayoonekana kabla ya kuifungua video, hulala. Ukilikata bango lililosimama ili lilale, utapoteza jina la filamu au utapoteza paji la uso la mhusika mkuu. Kinachotakiwa kubaki vilevile ni vitu vichache: mchoro wa jina, rangi mbili au tatu, taswira kuu, na namna mwanga ulivyotumika kwenye picha. Mpangilio wa vitu hivyo unaruhusiwa kubadilika, na mara nyingi ni lazima ubadilike.

Jambo hili si geni. Mwaka 1955 Saul Bass alibuni matangazo ya The Man with the Golden Arm, filamu ya Otto Preminger, akaujenga mradi mzima juu ya mkono mmoja mweusi uliopindapinda kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Mkono ule ulikuwa kwenye bango, ukawa kwenye matangazo ya magazeti, na ukatokea tena kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu. Aliyekuwa ameuona barabarani aliutambua alipokuwa ameketi kitini.

Sasa tazama faili la aina tunayoipokea mara kwa mara. Filamu ni ya kutisha. Bango ni jeusi, jina limeandikwa kwa herufi nyekundu zilizochanika kingo. Kwenye trela jina lilelile linakuja kwa herufi nyembamba nyeupe, safi, kama za kampuni ya bima. Kijipicha kina mandhari ya manjano, na mwigizaji anayetokea kwa dakika chache tu ndiye aliyejaa fremu, akicheka. Ukimuuliza mtayarishaji, kila kazi ilifanywa na mtu hodari. Na kweli walikuwa hodari, ila hakuna aliyepewa alichokuwa amekifanya mwenzake.

Chanzo kikubwa ni mchoro wa jina. Mbunifu wa bango anauchora, halafu mhariri wa trela, kwa kuwa hakutumiwa, analiandika jina upya kwa fonti iliyomo kwenye kompyuta yake. Wa tatu analikata kutoka kwenye picha ya bango aliyotumiwa kwa simu, likiwa na ukungu. Mchoro wa jina uhifadhiwe kama faili la vekta, linalokuzwa bila kuharibika, na uwe na matoleo manne tu: mstari mmoja, mistari iliyopangwa juu kwa chini, la kukaa kwenye giza na la kukaa kwenye mwanga. Mtu mwingine yeyote asiliandike jina kwa mkono wake. Kuhusu fonti, iliyopakuliwa bure kwa masharti ya matumizi binafsi haifai kwa tangazo la biashara. Tunarudia hili kila wiki.

Rangi ina mtego wake. Skrini inatoa mwanga, karatasi inapokea wino. Bluu kali na kijani cha kung'aa vinavyopendeza kwenye simu haviwezi kufikiwa na wino nne za kawaida za uchapaji, vikichapwa hufifia. Kwa hiyo chagua rangi ukianzia kwenye wino, kisha andika namba zake za karatasi na za skrini mahali pamoja. Sampuli iliyochapwa ishikwe mkononi na itiwe sahihi. Kuidhinisha rangi ya bango kwa kuangalia simu usiku kitandani si kuidhinisha. Kumbuka pia kwamba filamu yenyewe hupewa rangi zake za mwisho karibu na kukamilika, ilhali bango huanza mapema. Mwombeni fundi anayeipa filamu rangi zake fremu chache zilizokwisha kukamilika kabla ya kulifunga bango.

Wengi pia hudhani fremu yoyote ya filamu inatosha kuwa bango. Hesabu ni rahisi. Fremu kamili ya 4K ina pikseli 4096 kwa 2160. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo inatoa picha ya inchi 13 na kitu kwa inchi 7, wakati bango la inchi 27 kwa 40 linahitaji pikseli 8100 kwa 12000. Mabango makubwa ya barabarani hutazamwa kwa mbali na huvumilia nukta chache zaidi. La ukumbini halivumilii. Mpiga picha mnato awepo wakati wa kurekodi, chini ya taa zilezile na mavazi yaleyale. Asipokuwepo, waigizaji wataitwa studio miezi baadaye wakiwa wamenyoa, na hapo ndipo sura ya pili ya filamu inapozaliwa.

Tuje kwenye utaratibu, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi yanakwama. Maombi yaletwe kama furushi moja: bango, vijipicha, picha mnato, mabango ya barabarani, pamoja na ukurasa wa mwongozo unaoonyesha mchoro wa jina, namba za rangi na nafasi ya alama ya daraja la umri, yaani alama inayoonyesha filamu inafaa watu wa umri gani. Trela huwasilishwa na ratiba yake ya sekunde. Kila faili liwe na jina la filamu, aina, ukubwa na namba ya toleo, kwa mpangilio huo. Neno "mwisho" si namba ya toleo. Nyenzo moja ikirudishwa, furushi zima husubiri, isipokuwa mwombaji ameomba kwa maandishi litenganishwe. Ukibadilisha chochote baada ya idhini, hata kivuli cha herufi, ni toleo jipya na hurudi kwenye foleni.

Alama ya daraja la umri haibadilishwi rangi ili ilingane na bango, haipunguzwi chini ya kipimo kilichotolewa, wala haiwekwi chini kabisa ambako vitufe vya simu vitaifunika. Msanifu aitengee nafasi tangu rasimu ya kwanza. Ikipachikwa dakika ya mwisho huonekana kama stika, kisha tunalaumiwa sisi kwa kuharibu bango.

Adhabu hupanda ngazi kwa ngazi. Kwanza nyenzo hurudishwa na maelezo. Ikiwa ilikwisha kusambazwa bila idhini, hutolewa agizo la kuiondoa, na mwombaji huthibitisha kwa picha kwamba imeondolewa. Akirudia, idhini ya furushi zima husitishwa. Viwango vya faini vimo kwenye kanuni za mamlaka inayokuhusu, na havijadiliwi kwa simu. Kisingizio kwamba "hii ni ya mtandaoni tu" hakipunguzi chochote. Isipokuwa kanuni zako ziseme vinginevyo, tangazo ni tangazo.

Safu ya majina chini ya bango hufuata mikataba ya wahusika. Tunahakiki kama inasomeka. Ugomvi wa nani atangulie upelekwe kwa wanasheria.

Ambao filamu zao tayari ziko sokoni zikiwa na sura mbili hawalazimiki kung'oa kila kitu. Chagueni mchoro mmoja wa jina, anzeni na nyenzo ambazo hazijachapwa, badilisheni vijipicha, kisha lete fomu ya marekebisho ikiwa na orodha ya kilichobaki hadharani na tarehe ya kukiondoa. Waliopokea barua za wito wajibu kwa kutaja namba ya faili iliyo juu upande wa kulia. Majibu yasiyo na namba hiyo huwekwa kando mpaka mhusika atambulike, na siku za kusubiri huendelea kuhesabiwa.