Meza haina uke: dhana potofu kuhusu le na la za Kifaransa

Dhana: La ni ya vitu vya kike, le ni ya vitu vya kiume.

Le na la ni vijineno vinavyokaa mbele ya nomino, na hapa ndipo wengi wanapokwama, wakihangaika kutafuta uke wa meza (la table). Haupo. Jinsia ni ya neno, si ya kitu. Ndevu ni la barbe, neno la kike. Titi ni le sein, neno la kiume. Askari wa zamu, hata awe na sharubu, ni la sentinelle.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika le victime (mwathirika) kwa kuwa aliyeumia katika habari yake alikuwa mzee wa kiume, na nilipomsahihisha akagoma. Nikaandika ubaoni: kiongozi amefika. Mbona hatusemi "kimefika", na neno linaanza na ki-? Kwa sababu katika Kiswahili, neno likitaja mtu au mnyama, maana hulishinda umbo. Kwa Wafaransa neno ndilo linaloshinda: la victime est blessée (mwathirika ameumia), pamoja na ile e ya kike mwishoni, ajapokuwa babu wa miaka 70. Akaelewa palepale.

Dhana: Kwetu hakuna kitu kama hiki.

Kipo, na ni kikubwa kuliko chao: ngeli. Kitabu changu kizuri kimepotea: nomino moja imeyavuta maneno matatu yafanane nayo. La petite maison blanche (nyumba ndogo nyeupe) ni kazi ileile, tena wao wana makundi mawili tu. Anayezungumza Kiswahili tangu utotoni ameshazoea upatanisho. Kilichobaki ni kujua neno liko kundi gani.

Dhana: Neno likiishia na e ni la kike.

Le livre, le problème, le musée, le lycée: yote ya kiume. Herufi moja haitoshi, tazama mwisho mzima wa neno. Yenye -tion ni ya kike (la nation, la question), ingawa le bastion limekataa kufuata. Yenye -age mengi ni ya kiume, kama le voyage na le fromage. La plage, la page, la cage na une image yakariri peke yake.

Dhana: Ukisikia mon école (shule yangu), basi école ni la kiume.

La hasha. Ma, yaani "-angu" ya kike, haikai mbele ya irabu, hivyo mon ya kiume huchukua nafasi yake ili matamshi yateleze. L', yaani le au la iliyokatwa mbele ya irabu, nayo huficha jinsia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiandike l'école wala l'arbre daftarini, bali une école, un arbre (une ni ya kike, un ni ya kiume). Neno lililoandikwa bila un au une ni neno lililojifunzwa nusu.

Dhana: Vijineno hivi ni pambo tu.

Sisi husema "kahawa", basi. Mfaransa lazima achague: j'aime le café, naipenda kahawa kwa jumla, je bois du café, nakunywa kiasi fulani, un café, kikombe kimoja. Ukikanusha, du hugeuka de: je ne bois pas de café. Lakini kwa kitenzi être (kuwa) haigeuki: ce n'est pas du café, hii si kahawa. Hapa ndipo pagumu kuliko jinsia yenyewe, na ndipo pa kufanyia mazoezi mengi. Vijineno hivi hushikamana na nomino kiasi kwamba tulipoazima du vin tukabeba vyote viwili: divai. Wakrioli wa Mauritius nao, ambao lugha yao imetokana na Kifaransa, huita nyumba lakaz, kutoka la case.

Dhana: Wafaransa wote wanakubaliana.

Après-midi (alasiri) huwa le kwa wengine na la kwa wengine, na yote ni sahihi. Mwezi Mei 2020 Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa iliyoasisiwa mwaka 1635, ilipendekeza la covid, kwa kuwa neno maladie, ugonjwa, ni la kike. Watu wengi mitaani Ufaransa waliendelea kusema le covid.