Kumng'oa gavana huanzia Malindi, si Nairobi

Barua zinazotufikia kutoka Ganda, Maweni na Barani zinafanana: zimeandikiwa seneta, na ombi ni moja, mng'oeni gavana. Mojawapo ililetwa na mzee aliyeikunja mara nne ndani ya leso, nyuma ina sahihi na alama za dole gumba za majirani zake. Malalamiko yake ni mazito, ila amegonga mlango usiohusika. Tumeshalieleza hili mara nyingi: Seneti haianzishi kesi ya gavana, huisikiliza ikishaletwa.

Kesi huanza katika bunge la kaunti, ambalo kwa sisi wa Kilifi hukaa papa hapa Malindi. Mwakilishi wadi hutoa notisi ya hoja akiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe wote. Hoja ikipita kwa thuluthi mbili, Spika ana siku 2 za kumwarifu Spika wa Seneti, naye ana siku 7 za kuitisha kikao. Seneti yaweza kuunda kamati maalum ya maseneta 11, inayotakiwa kutoa ripoti kwa siku 10. Kamati ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, kesi imekwisha. Yakithibitishwa, gavana hupewa nafasi ya kujitetea, kisha kila kaunti hupiga kura moja. Zinahitajika 24 kati ya 47. Muda wote huo bado ni gavana. Akinusurika, mashtaka yaleyale hayarudi Seneti kabla ya miezi 3.

Magavana wa Kiambu na Nairobi waling'olewa hivyo mwaka 2020.

Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa Seneti uwezo kama wa Mahakama Kuu: kuita mashahidi, kuwaapisha, kudai hati. Kwa hiyo "kila mtu anajua" si ushahidi, tafadhalini.

Wanaoilaumu Seneti kwa "kuwapitisha" mawaziri wanaichanganya na ya Marekani. Hapa mawaziri hupigwa msasa na Bunge la Taifa. Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye anayehitaji idhini ya mabunge yote mawili.

Yule mzee tulimrudishia barua na kumwelekeza kwa mwakilishi wadi wake. Aambatanishe picha za zahanati anayoilalamikia, zenye tarehe, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.