Kwikwi siku tano, korodani imevimba: muulize mzee kuhusu mkojo

Mzee aliingia kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa akisindikizwa na binti yake. Walikuwa wametoka kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, kwa meli ya asubuhi. Nilipomwamkia, marahaba yake ilikatizwa na kwikwi, kisha nyingine, kisha nyingine. Binti akasema ni siku ya tano, baba hali wala halali. Walishajaribu maji, sukari, kubana pumzi; jirani mmoja alifikia hata kumbandika uzi uliolowa kwenye paji la uso, kama afanyiwavyo mtoto mchanga.

Nikaona anakalia upande mmoja wa kiti. Nikamwomba binti atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, mzee akashusha sauti: "Daktari, kuna tatizo na huku chini." Korodani ya kulia ilikuwa imevimba, ina joto, haigusiki. Ilikuwa na zaidi ya wiki. Simlaumu kwa kuificha. Kwikwi hutajika mbele ya mtoto wa kike, korodani haitajiki. (Mambo kadhaa ya mgonjwa huyu nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Alikuwa na dawa za aina mbili mfukoni: vidonge vya tumbo kwa ajili ya kwikwi, na diklofenaki kwa ajili ya maumivu, zote kutoka duka la dawa. Nilichotaka kujua mimi ni mkojo wake unatokaje. Akajibu haraka kwamba mkojo hauna shida, tena unatoka sana, usiku anaamka mara sita. Unatoka kwa nguvu? Hapana, unadondoka tu. Na nguo huwa zinalowa? Akanyamaza, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Jibu hilo linawapoteza wengi. Tezi dume hukua kadiri mwanaume anavyozeeka, na kwa kuwa imeizunguka njia ya mkojo, huibana taratibu. Kibofu husukuma kwa miaka, mwishowe kinachoka na kubaki kimejaa. Kinachotoka ni ziada tu, kama mtungi uliofurika. Mtu anakojoa mara kumi kwa siku huku kibofu hakijamwagika hata siku moja, na kwa sababu kimetanuka polepole, huenda asisikie maumivu.

Mkojo uliotuama huotesha bakteria, mara nyingi wale wa utumbo waitwao Escherichia coli. Hurudi nyuma kupitia mrija wa mbegu hadi epididimisi, ule mrija uliojiviringa nyuma ya korodani, kisha korodani yenyewe inawaka. Kwa vijana, hasa walio chini ya miaka 35, ugonjwa huu mara nyingi huletwa na magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono. Kwa wazee chanzo kikuu ni mkojo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nawaona wazee wanaokaa na maumivu nyumbani wakiogopa kudhaniwa wamezini. Baba yangu, njoo. Hatukuhukumu.

Sasa kwikwi. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushtuka ghafla, hewa inavutwa, na koo linajifunga papo hapo. Ndiyo ile sauti. Ya kawaida huisha yenyewe. Ikipita saa 48 inahitaji kutafutiwa chanzo, na huwapata zaidi wanaume wa umri mkubwa. Inaweza kuanzia tumboni kwa asidi inayopanda, kwenye umio wenye saratani, kwenye mapafu, kwenye kiharusi, hata kwenye moyo. Na inaweza kuanzia kwenye damu chafu. Kibofu kilichojaa hurudisha shinikizo hadi kwenye figo, figo zinashindwa kuchuja, urea, taka ambayo ingetoka na mkojo, inapanda kwenye damu na kuchokoza ubongo na neva zinazoongoza kiwambo. Korodani na kwikwi, vitu visivyo na ujirani wowote mwilini, vinakutana kwenye bomba moja lililoziba.

Ndiyo maana zile diklofenaki zilinitia hofu: zinaziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa. Kuna pia baklofeni, dawa nzuri ya kwikwi, lakini hutoka mwilini kupitia figo. Kwa mgonjwa wa figo inaweza kumlaza usingizi mzito wa hatari. Ndugu zangu wa maduka ya dawa, nawaomba sana, kwikwi ya mzee iliyozidi siku mbili msiiuzie kidonge. Mleteni.

Ultrasaundi ilionyesha kibofu kikubwa na figo mbili zilizotanuka. Kreatinini, taka ya damu inayotuonyesha figo zinavyochuja, ilikuwa juu sana. Tulimwekea mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja na nusu. Watu hudhani kazi imeisha hapo, kumbe usiku ule ndio wa kukesha: figo zilizofunguliwa ghafla zinaweza kumwaga lita nyingi za maji na chumvi, na mgonjwa akaishiwa maji kitandani. Muuguzi alipima mkojo kila saa, dripu ikifuata. Mkojo ulipelekwa kuoteshwa, akaanza antibayotiki, korodani ikaegemezwa kwenye taulo lililokunjwa.

Kwa kijana maumivu ya ghafla ya korodani ni hadithi nyingine: huenda imejisokota, na baada ya saa 6 hivi nafasi ya kuiokoa inapungua haraka. Uvimbe mgumu usiouma unahitaji uchunguzi wa saratani. Usiopona kwa antibayotiki, hasa ukianza kutoa usaha, hunifanya nitafute kifua kikuu. Na kwa anayetoka mbali na ziwa, kwenye majaruba na malambo, nauliza kuhusu kichocho cha mkojo. Huku ufukweni mwa ziwa tunachokiona zaidi ni kile cha utumbo na ini.

Kwikwi ya mzee ilikatika usiku wa tatu. Binti ndiye aliyegundua, aliposhtuka kwa ukimya na kumkuta baba amelala fofofo. Uvimbe wa korodani ulichukua wiki sita kunywea. Mpira alirudi nao nyumbani akisubiri upasuaji wa tezi, na swali lake la mwisho mlangoni lilikuwa kama anaweza kupanda mtumbwi nao. Nilimwambia asubiri, na kwamba kwenye meli ya kurudi, mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno muda wote.