Filamu za mapenzi ya jinsia moja hazikuanza na intaneti

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti filamu kuhusu mapenzi ya jinsia moja zimebuniwa juzijuzi na kampuni za intaneti. Si kweli. Mwaka 1919, Ujerumani ilionyesha Anders als die Andern, filamu bubu ya mpiga fidla anayetishiwa: toa pesa, la sivyo siri yako naitoboa. Mwaka 1920 ikapigwa marufuku, na leo vimebaki vipande tu. Marekani nako, kanuni za maudhui ya filamu zilizokazwa mwaka 1934 ziliizuia mada hiyo kwa miaka mingi. Kilichofichwa hivyo, wengi hudhani hakikuwepo. Uzipende au usizipende, tarehe ni ileile. Tafuta jina la filamu hiyo ya Ujerumani kwenye katalogi za hifadhi za filamu, uusome mwaka. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.