Theluji nyingi ya msimu mmoja haikanushi modeli za kompyuta

Kuna ujumbe unaozunguka mara kwa mara kwenye makundi ya kuchati, ukiwa na picha ya barabara ya mlimani iliyofukiwa na theluji, unaodai kwamba kompyuta zilizotabiri kupungua kwa theluji zimeumbuka. Dai hilo si sahihi.

Modeli hizo, yaani programu za kompyuta zinazoiga tabianchi kwa hesabu, hazisemi kwamba kila mwaka utakuwa na theluji kidogo kuliko uliotangulia. Hukokotoa mwelekeo wa miongo kadhaa. Isitoshe, hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo kwenye vilele ambako baridi bado ni kali, dhoruba moja inaweza kumwaga theluji nyingi kuliko zamani, huku miteremko ya chini ikinyeshewa mvua. Modeli zenyewe huonyesha hilo.

Kinachowachanganya wengi, wala si ajabu, ni kuamini macho: sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka mara nyingi hutoa takriban sentimita 1 tu ya maji, ilhali theluji ya siku nyingi iliyoshindiliwa hutoa mara tatu au nne ya hayo. Ndiyo maana wataalamu hupima uzito wake, si kina pekee.

Anayetaka kuhakiki aangalie kwanza tarehe ya picha, kisha alinganishe vipimo vya kituo kilekile vya walau miaka 30. Modeli nazo hujaribiwa kwa kukokotoa miaka iliyokwisha kupita na kulinganishwa na vipimo halisi; makosa hayakosekani, hasa penye mabonde membamba. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.